Kisanduku cha Naamini

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya sita tangu machimbo ya kokoto yaporomoke. Kaka alikuwa dereva wa katapila pale. Asubuhi ile alinipigia, akasema kazi imemchosha, huenda akaiacha siku hiyohiyo. Tangu hapo simu yake haipatikani. Miili mitatu iko hospitali, haitambuliki.

Mama anasema kila siku: angekuwa amekufa, tungejua. Mimi nakula, nalala, naandika tasnifu. Sisikii kitu. Kama shavu lililopigwa ganzi.

Jumatano, 5 Machi

Msimamizi karudisha sura ya tatu. Anataka mfano rahisi — eti watahini nao ni binadamu!

Haya. Kompyuta ina ratiba ya treni. Treni ya saa tisa haimo. Kompyuta inahitimisha: hakuna treni ya saa tisa. Haikwenda stesheni kuchungulia. Imejichungulia yenyewe tu — ingekuwepo, ningejua. Kwa hiyo kwenye mantiki tunachora kisanduku, kinasomeka "naamini kwamba". Kisanduku kikiwa kitupu, utupu huo nao ni habari. Ila ongeza mstari mmoja kwenye ratiba, hitimisho lote linafutika. Hesabu za shule haziko hivyo. Zile ukishathibitisha, umethibitisha.

Nimeusoma tena mfano wangu. Ni Mama mtupu. Nimeuacha hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Maabara ya hospitali wamepiga. Wanataka mate ya ndugu wa damu, wapime vinasaba. Nikasema nina utetezi wa tasnifu mwisho wa mwezi, nitakuja baada ya hapo. Uongo! Ni dakika tano tu pale. Sitaki mstari mpya kwenye ratiba. Mpaka sasa Kaka ni mzima, kwa kanuni nilizoziandika mwenyewe kurasa mia mbili. Mtu mwenye akili zake hafanyi hivi. Ni sisi wa mantiki tu.

Mama sikumwambia.

Jumatano, 26 Machi

Mama kanipigia pasi blauzi ya utetezi. Mara mbili, ile ile. Kisha akakaa kitandani kwangu, akataka nimweleze nilichosomea miaka yote hii. Nikamweleza habari ya treni.

Akauliza, na hiyo kompyuta ikishajua, inaumia?

Haiumii, Mama. Inafuta tu.

Akasema bora yake.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepita! Marekebisho madogo. Msimamizi kanipa mkono mpaka bega likauma. Nilijua leo nitafurahi. Wapi. Mama alilia sana, kuliko cheti chochote kinavyostahili. Nikamwambia punguza, watu wanatuangalia.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda maabara. Sijui kwa nini leo. Labda visingizio vimeniishia.

Karani akafungua daftari, akaniangalia. Dada, mbona mama yako alishatoa mate tangu tarehe kumi? Tulipokukosa tulimpigia yeye. Majibu kachukua mwenyewe, Jumanne iliyopita.

Nikaona saini yake. Nikauliza yalisemaje. Akasema bahasha ilikuwa imefungwa, kamuulize mama.

Jumanne. Siku tatu kabla ya utetezi. Nikakaa kwenye benchi la korido mpaka mfagizi akaniomba ninyanyue miguu.

Angeambiwa hakuna mwili wa Kaka pale, Mama angeshindwa kukaa kimya hata dakika moja. Angekuja chuoni na kanga begani, angevunja mlango wa darasa. Halafu siku hizi hasemi tena "tungejua". Nimehesabu nyuma. Tangu Jumanne hajasema. Mimi bingwa wa vitu visivyosemwa, sikugundua!

Amebeba peke yake siku sita ili mimi nisimame mbele ya watu niongee habari za treni.

Sasa niko chumbani. Mwandiko mbaya. Ganzi inaniacha na inauma. Mama yuko jikoni, ananiita tukale. Nimejibu nakuja. Kaita tena, taratibu, kwa lile jina la utani ambalo Kaka ndiye alikuwa ananiita.

Kazima jiko. Anakuja huku mwenyewe, na mimi sijui nianze kumuuliza au nianze kumkumbati—