Mtihani wa Kalkulasi

Chuoni, Novemba 1986

Mpenzi wangu Baba Mumbua,

Natumaini mvua imefika Kalamba na mbaazi zimeota. Mwalimu wa kalkulasi alitusomea kanuni siku ya kwanza: anayekosa mtihani anapata sufuri, hata akifiwa. Jumanne Mumbua aliamka na homa, na yaya hakuja. Nikaenda naye mtihanini.

"Huyu pia ni mwanafunzi?" mwalimu akauliza.

"Hana pa kubaki, mwalimu."

Akampokea, akatembea naye darasani mpaka nikamaliza. Homa imeshuka, na nimefaulu.

Najua mama yako anataka niache masomo nirudi nyumbani. Usinilazimishe kuchagua, Muli. Njoo utuone. Mtoto ameanza kumwita "baba" kila mwanaume anayepita.

Wako anayekukumbuka,
Kalunde