Vidonge vya Zuhura

Bahi, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yamepata nafuu? Na mikorosho imechanua vizuri huko Newala? Sisi huku tunapumua, ila uzima wenyewe umepungua. Ndiyo maana naandika. Kila nikitaka kukueleza kwa simu, sauti inanikatika.

Mjukuu wako Zuhura amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Nilikwenda naye mashineni kukoboa mpunga. Nikamwambia akae juu ya gunia. Niligeuka kushika debe tu, nikasikia ukelele. Alikuwa ameushika mkanda wa mashine ukizunguka. "Nilitaka kuona unapoishia, Baba," aliniambia tukimkimbiza hospitali, mkono umefungwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni.

Mwaka jana nilikwambia daktari amesema mtoto ana tatizo la kutotulia, kwamba ni la ubongo, si utundu, na anataka tumwanzishie vidonge. Mke wangu Yudith alikubali siku ileile. Mimi nikakupigia wewe. Ukasema, "Hamisi, usimpe mjukuu wangu dawa za vichaa. Hata wewe ulikuwa mtundu, fimbo ikakunyoosha." Nikatii. Nilimchapa kwa kutoroka darasani, kwa kupoteza daftari, kwa kumwaga maji ya kunywa. Analia, anaomba radhi, na kabla machozi hayajakauka kesharudia. Sikulaumu, Mama. Mkono ulioshika fimbo ni wangu.

Kidonda kilipofunga tulirudi kwa daktari. Nikamuuliza, "Angekuwa anameza tangu mwaka jana, vidole vingekuwepo?"

Akavua miwani. "Hilo silijui, baba Zuhura, na wewe hutalijua. Ninachojua, fimbo haimfundishi mtoto kusubiri kama ubongo wake haumpi nafasi ya kusubiri."

Akatueleza kwamba dawa haiponyi, kwamba inaweza kumkata hamu ya kula na kumpunguzia usingizi, na lazima awe anarudi kupimwa uzito. Yudith akanitazama. Nikasema, "Tuanze."

Huu ni mwezi wa pili tangu aanze. Nisikudanganye, amekonda. Mchana hagusi ugali wala mlenda, kwa hiyo Yudith humnywesha uji wa karanga asubuhi kabla ya kidonge. Jioni dawa ikimwishia nguvu, analia bila sababu. Lakini anakaa. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na juzi alimaliza mstari mzima. Akaniuliza, "Baba, kama ni ugonjwa, ulikuwa unanichapa kwa nini?"

Nikamwomba msamaha. Akainamia daftari lake akaendelea kuandika.

Shule zikifungwa tunakuja. Nakuomba usivifiche vidonge vyake, wala usimwite kichaa mbele ya watoto wenzake. Ukiwa na hasira, ningoje nikae mbele yako, unigombeze mimi.

Yudith anakuamkia. Nisalimie mjomba Saidi, fundi seremala wetu, na shangazi anayekusomea barua hii. Kama kuna mahali ameparuka kwa kukuonea huruma, mwambie aparudie.

Mwanao,
Hamisi