Mahindi Niliyoyaosha

Jumatatu, 3 Machi 1975

Ini limeshuka vidole vinne chini ya mbavu. Nimelipapasa mwenyewe, kama nilivyopapasa ya wengine miaka thelathini. Gumu, lina mabonge. Macho ya manjano. Sihitaji kuambiwa.

Sikuzani, binti niliyemlea, kaleta uji. Nimeonja, nikatema. Ladha ile—naijua! Nimemuuliza unga umetoka wapi. Akacheka. "Baba nawe! Si mahindi ya ghalani? Tumeyaosha kwa dresa." Akauchukua uji, akaenda kumlisha mwanawe.

Kwa dresa. Kijijini Masanze wote wanasema hivyo, kama mtu asemavyo kwa sabuni. Dresa ni mimi, tabibu msaidizi wa zamani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeulizia. Lori la mahindi ya kijiji lilikwama Mikumi siku nne, mvua juu, turubai lina matundu. Magunia sitini, yote yameota ukungu wa kijani. Agnesi na wanawake wenzake wa ghalani wanayatia kwenye mapipa, maji ya majivu na magadi, wanasugua, wanaanika mikekani. Yanatoka meupe. Hayanuki.

Ni ufundi wangu, wa mwaka 1962, nilipokuwa dresa wa shamba la mkonge. Behewa la mahindi ya posho lililowana pale Kidete, wakata mkonge wanangoja kula. Nikabuni maji ya majivu. Meneja akanipa mkono mbele ya watu! Tangu hapo kila masika posho ikilowa tuliiosha hivyo. Nami nilikula.

Nimemwita Agnesi. Akapiga goti, shikamoo, marahaba. Nikamwambia mahindi hayo ni sumu, yamwagwe. Akanitazama kama naweweseka. "Mzee Dresa, si ni wewe uliyemfundisha mama yangu? Au homa imepanda?" Uani wenzake wakaangua kicheko.

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya Dakta Mathayo, kutoka Dar es Salaam. Alijifunza darubini kwangu, sasa ndiye mwalimu wangu. Nilikuwa nimemuuliza habari za ukungu na kuosha, na kwa nini ini, ambalo hata likikatwa huota tena?

Nimesoma jibu mara tatu. Anasema seli ya ini ikidhuriwa inapaswa kufa, na hufa kimya: hujikunja, hukatika vipande, jirani zake huvimeza. Mpya huota. Mwenye ini hajui kitu. Sasa sumu ya ukungu inaua seli, ini linaota. Inaua tena, linaota tena. Miaka kumi hivyo. Katika kuota kwingi vile inatokea seli moja iliyoharibika mno, inayoamriwa kufa, nayo haisikii. Inaishi. Inazaa. Nzima zinakufa, mbovu inabaki! Huo ndio uvimbe. Na kuosha, anasema, huondoa rangi na harufu tu. Sumu imo ndani ya punje.

Vipande vile niliviona kwa darubini. 1969, kwenye ini la marehemu Mwinshehe, mkata mkonge. Vitone vyekundu vilivyosinyaa, huku na huku, na kando yake seli zile nyingine, kubwa, zimesongamana. Kisha Paulo. Kisha Vitalis. Wote wa posho ile. Daktari aliyekuwa akipita akaniuliza watu hawa wanakula nini. Nikasema, chakula safi. Alipoondoka nikamwaga chupa zote tatu nilizohifadhia maini yao. Nikaandika kitabuni: vimeoza, dawa hafifu.

Sijawahi kuliandika hili mpaka leo.

Mwinshehe ndiye baba yake Sikuzani. Nilimchukua akiwa na miaka kumi na miwili. Watu husema nina huruma.

Jumapili, 9 Machi

Mwenyekiti Stefano kaja baada ya kanisa. Nimemsomea barua yote. Ana adabu, amesikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mzee, seli zife zisife, watu wana njaa leo. Ugonjwa wa miaka kumi! Mwenye njaa atafika huko?"

Nikamwambia adai mahindi ya njano ya msaada, yapo Kilosa. "Nikadai kwa lipi? Kwa ukungu? Watanicheka. Nipe mtu, Mzee. Nani wa hapa amekufa kwa mahindi haya? Nipe jina, nafunga ghala leo hii, kesho nipo Kilosa nalo."

Sikuzani alikuwa anammiminia chai.

Nikakohoa. Nikakohoa sana, mpaka Stefano akaaga. Mpumbavu mimi! Wiki nzima nawalaumu hawasikii—na nilipoulizwa, nimekohoa.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu kumwambia. Mara mbili. Mara ya kwanza kasema, pumzika Baba. Ya pili alikuwa na kitabu chake cha kisomo, kidole chini ya silabi, midomo inatembea. Fahari tupu. Nimeshindwa.

Tumbo limejaa maji. Sauti inakatika. Kesho wanagawa magunia yote.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili asubuhi. Naandika hapa hapa, mlangoni mwa ghala. Nimeomba wanibebe na kiti, kiti kiwekwe katikati ya mlango. Wakadhani nataka kupunga upepo.

Mstari mrefu, ndoo na vikapu. Hawathubutu kunisogeza. Hawaondoki pia. Agnesi: "Leo Mzee Dresa kawa komeo!" Wamecheka. Hata mimi ningecheka.

Stefano kachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo Mzee. Umeniletea jina?"

Nimefungua kinywa. Hakuna sauti! Imengoja leo kunikimbia! Nimeandika majina matatu, hapa, kwa herufi kubwa, ayaone:

MWINSHEHE. PAULO. VITALIS.

Kabla sijamgeuzia daftari, Sikuzani kainama kunifuta mdomo. Mtoto mgongoni. Kaona. Kidole chini ya jina, kwa sauti, kama darasani: Mwi. Nshe. He.

Walio mbele mstarini wameweka ndoo chini.

"Baba. Hili ni jina la baba yangu. Limeandikwa la nini?"

Stefano ananitazama, anamtazama yeye. Ufunguo wa ghala uko mkononi mwa Mwenyekiti. Sikuzani hajaondoa kidole. Anangoja. Naandika polepole, kwa herufi kubwa, asome mwenyewe:

BABA YAKO ALIKULA MAHINDI NILIYO