Daftari Chini ya Mbegu za Mbaazi

Mama,

Shikamoo. Ulinilea hivyo: mkubwa aamkiwe kwanza, hasira baadaye. Na hasira ninazo.

Mvua zimeanza hapa Masakta. Juzi nilifungua debe la mbegu za mbaazi, nikazamisha mkono hadi chini, nikagusa karatasi. Daftari lako la kliniki, umelifunika kwa kalenda ya kanisa. Presha, miaka minne. Kila mwezi uliniaga unakwenda mnadani Balangdalalu kuuza kuku, na kuku kweli ulibeba. Kumbe ulikuwa unapitia kwa daktari.

Nilikaa chini nikalia, kisha nikakusema vibaya. Unisamehe. Siku ile ulipoanguka shambani, hospitali waliuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Hatumii dawa yoyote, mama yangu ni mzima." Nilisema kwa kujidai, Mama. Wakaanza kutafuta chanzo upya, na wewe hukuwa na muda wa kusubiri. Labda daftari lisingekuokoa, sijui. Ila najua kwa nini ulilificha mahali ambapo mkono haufiki mpaka msimu wa kupanda. Ulitaka niolewe kwanza, watu wasije wakasema nyumba yetu ina ugonjwa wa kurithi.

Basi sikia. Nilikwenda kupima, na presha ninayo. Nimenunua daftari, nimeandika jina langu lote na dawa ninazomeza kwa herufi kubwa, nimelitundika msumarini sebuleni, karibu na kioo. Siku nikishindwa kusema, jirani yeyote alichukue tu. Na mwanaume atakayeogopa kunichumbia kwa sababu ya daftari, asichoshe miguu yake kuja.

Baba mkubwa alikuja kunionya. Alisema ugonjwa ukiandikwa unakaa, nilitoe langu na lako nilichome. Nilimwamkia, nikamkaribisha uji, nikakataa. Nilimwambia ugonjwa wa Mama ulifichwa, na haukuondoka. Akatoka bila kumaliza uji.

Jumapili amerudi. Alikaa, akatoa ndani ya koti daftari lililokunjwa mara nne, limelowa jasho. Sukari. Akasema, "Nisomee wameandika nini, mwanangu."

Nilimsomea mara mbili. Kulitundika amekataa, unamjua ndugu wa mume wako. Lakini ameniomba mwenyewe niandike dawa zake kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, na tarehe yake ya kliniki nimkumbushe.

Lako sikulichoma. Liko msumarini pamoja na langu, na anayetaka kusema aseme.

Pumzika, Mama. Kliniki sitaruka hata siku moja, na wakiniuliza tena mgonjwa wetu anatumia dawa gani, nitajibu. Mbaazi nimepanda. Zilizobaki nimezirudisha kwenye debe lako, nikapitisha mkono mpaka chini kuhakikisha. Ni mbegu tu.

Binti yako,
Paulina