Mbavu Mbili za Pikapu ya Mukendi

Likasi, wakati wa mvua

Kaka Evaristi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama hakutulea tuache salamu, hata siku ambayo moyo umechacha. Mguu wake unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nina jeraha juu ya jicho la kushoto, na aliyenipiga ni rafiki yako.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mama muuza dagaa aliyetoka Kalemie. Nimeisoma mara tatu. Unasema nimekuaibisha mbele ya Mwape, mtu uliyefanya naye kazi huku ujanani na ukanikabidhi kwake. Unasema nimeiba gari lake na kuling'oa mbavu, na sasa niende nikapige magoti. Hukuniuliza hata neno moja. Basi leo nyamaza wewe, usikilize.

Lile gari halikuwa la Mwape. Lilikuwa la Mukendi, fundi mwenzangu wa bodi karakanani kwa Mwape. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba zamani za Wabelgiji. Mukendi mwenyewe kazaliwa Likasi, kabatizwa Likasi, kaoa Likasi. Kasai hajawahi kuiona. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea viazi kutoka Kakanda, injini nzima, lakini mbavu zake za nyuma, yale mabati ya pembeni yanayofunika magurudumu na kushika mizigo, zilikuwa zimeliwa na kutu hata unaiona barabara. Bati jipya halipatikani siku hizi. Viwanda vimelala, na maduka yalikombwa mpaka bawaba za milango. Nikamwambia kwetu Kigoma nilikuwa nikiunda mashua za faiba, na kinachozuia ziwa hakitashindwa na viazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Resini, ile gundi yake, na mikeka ya nyuzi za kioo tukaagiza Zambia.

Kaka, kazi ile niliipenda. Tulitengeneza kalibu ya mbao na udongo, tukalaza nyuzi, tukapaka resini, tabaka juu ya tabaka, ngozi ikituwasha wiki nzima. Mukendi hakutaka mbavu za kiwandani. Alizitaka zitokeze, zipinde juu ya gurudumu, watu wa Kakanda wakiliona gari waulize limetoka wapi. Ubavu wa kushoto tuliufunga pamoja. Tulikata bati bovu kwa msumeno, tukasugua kingo, tukaushika ubavu mpya kwa vibanio, tukapima, tukautoa, tukapiga tupa, tukaurudisha. Nadhani mara nane. Mwisho tukakaza boliti, na Mukendi akazunguka gari taratibu kama mtu aliye kanisani.

Wa kulia ulikuwa umekauka tayari, ila kuufunga hatukufikia. Vijana walianza kupita mitaani na mapanga, wakiita Wakasai watoke warudi kwao. Kwao wapi? Nyumba ya Mukendi iliingiwa mchana kweupe, na majirani waliokula naye Pasaka walisimama wakitazama nani anatoka na kitanda na nani na redio. Alikimbilia stesheni pamoja na mkewe Ngalula, watoto watatu na mama yake mzee. Maelfu walikuwa wamelala nje kule, kandokando ya reli, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Na mvua zenyewe hizi za huku, unazikumbuka.

Njiani alipitia karakanani. Rafiki yako akamwambia, nami nimesimama hapo hapo: "Acha motoka hapa, ndugu yangu. Batakunyang'anya mu njia. Minye nitakuchungia." Mukendi akampa ufunguo kwa mikono miwili.

Siku ya nne akaja mchoraji, akaandika kwenye mlango kwa rangi nyekundu: PATRON MWAPE.

Kisha bosi Mwape akaniita. "Damasi, funga ile upande ya kuume. Niko na kazi na ile motoka."

Nikamwambia, "Patron, hii ni motoka ya Mukendi."

"Mukendi gani? Mukendi iko ku gare, anangoja treni. Na weye, weye ni wa wapi?" Alisema polepole, huku akijisafisha meno kwa kijiti. "Weye pia ni muntu wa kuya, hauko wa hapa. Bakimaliza bale, bataanza kuuliza: na huyu?"

Nikaufunga. Umesikia, kaka? Niliufunga. Mwape hakukuandikia hilo, kwa kuwa kwake si kosa. Siku mbili nilipima na kupiga tupa katika gari la wizi, na mikono yangu, kwa kuwa haijui mambo ya watu, ikafanya kazi nzuri kuliko ile ya kwanza.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Mukendi akaingia amevaa kofia ya mtu mwingine, ameishusha mpaka kwenye nyusi. Mama yake alikuwa anahara na kutapika tangu jana yake. Hakudai gari. Aliomba aazimwe tu, amfikishe mzee hospitali.

"Motoka gani?" Mwape akamwuliza. "Soma mulango."

Mukendi hakusoma. Alikwenda upande wa kulia, akapitisha kiganja kwenye ukingo, pale faiba inapokutana na kibanda cha dereva. Akaniangalia.

"Umefunga muzuri, Damasi," akasema. "Hata kucha haiingie. Mukono yako minye naijua."

Akaondoka. Tangu baba atutandike kwa ajili ya ule wavu tulioupoteza sijawahi kutamani ardhi inimeze, ila siku ile.

Iliyofuata ilikuwa Jumapili. Mwape alikwenda misa na suti yake ya kijivu. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari ofisini. Nililitoa gari nikaenda stesheni, nikawatafuta katikati ya masufuria na magodoro na watoto wanaolia, nikawakuta. Nilikuwa nimechelewa. Bibi, mama yake Mukendi, alikuwa amekufa asubuhi ile, Ngalula amemfunika kwa kitenge chake mwenyewe.

Waliokufa pale walikuwa wakizikwa pamoja kwenye shimo karibu na reli. Mukendi akasema, "Mama yangu hapana. Baba iko ku makaburi ya hapa. Atalala naye."

Tukamlaza bibi nyuma ya pikapu. Mukendi akalala kando ya mama yake, nikawafunika wote wawili kwa turubai moja. Njiani palikuwa na kizuizi, vijana sita na gogo. Mmoja akaja na panga lake, akasoma mlango, uso ukamfunguka.

"Ah! Motoka ya patron Mwape! Unabeba nini?"

"Mzigo wake," nikasema.

"Pita, pita!" Akanipigia saluti.

Tulichimba wawili, kwa jembe la mlinzi wa makaburi. Padri hakuwepo. Mukendi alisali mwenyewe, kwa Kiswahili, maana hana lugha nyingine ya kumlilia mama yake.

Tuliporudi stesheni nikamwambia achukue gari, aende nalo. Akakataa. "Niende wapi? Ku kizuizi bataona sura yangu, si mulango." Mvua ikaanza. Ngalula alikuwa amekaa juu ya mabegi, mtoto mdogo anakohoa ndani ya blauzi yake. Mukendi akawaangalia, akaliangalia gari, akaniambia, "Leta spana."

Tukafungua mbavu zote mbili, mimi wa kulia, yeye wa kushoto. Ni nyepesi, faiba. Mtu mmoja anabeba. Tukaziegemeza pamoja, tukazifunga kwa waya, zikawa paa. Watoto wakaingia chini yake, na wa jirani nao wakaingia. Siku mbili baadaye treni ikaja, mabehewa ya wazi ya kubebea mawe ya shaba, na nilimwona Mukendi kwa macho yangu akizipandisha zile mbavu behewani kabla ya godoro.

Gari nililirudisha Jumapili ile ile, uchi, magurudumu nje. Nikampa Mwape ufunguo mkononi. Ndipo akanipiga kwa spana yangu mwenyewe, nami nikamrudishia kwa ngumi. Hilo nalo ulijue.

Sasa nakaa kwa mama mmoja wa parokia, naziba masufuria na baiskeli. Kwa Mwape sirudi. Ukimwandikia, usiweke jina langu kwenye barua yako. Na ukiendelea kumwita ndugu, basi uhesabu kwamba mimi umenipoteza.

Nisalimie mama, umsomee barua hii yote bila kuruka mstari. Nisalimie shemeji, mke wako, ambaye najua angeniuliza kabla ya kunihukumu. Nisalimie dada yetu Skolastika na mumewe, na shangazi aliyeniuguza nilipokuwa na surua.

Magoti nitapiga, kaka, lakini si kwa Mwape. Nitampigia Mukendi, popote treni ilipomshusha, kwa ajili ya ule ubavu wa kulia.

Ni mimi mdogo wako, ukipenda bado,
Damasi