Gari Lililozibwa Pua

Tarehe 9 Agosti, mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na maumivu ya mguu yamepungua. Mama naye umpe shikamoo yangu, na umwambie sweta lake nalivaa kila siku, hata chini ya nguo za kazi. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mbeba vyuma ukinyamaza ujue umekufa.

Barua yako niliipata. Unasema gari bado linakusumbua, dada amerudi kwako na watoto, na mumewe, aliyelifufua gari hilo mwaka huu, umempiga marufuku kukanyaga uani mpaka arudishe vipuri vyako. Unasema uliamua hivyo kwa kufuata maneno yangu, kwa kuwa mimi niko gereji na ninajua. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Ngoja nikueleze lililotokea hapa.

Wiki iliyopita lililetwa gari la mwalimu mmoja mstaafu, zee kama lako, lililokaa chini ya turubai kwa miaka. Fundi wetu mkuu tunamwita Kifaduro, maana hukohoa kama injini mbovu ili mteja auelewe ugonjwa wa gari lake. Alimwaga petroli iliyochacha, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na chujio. Likawaka, na pale uwanjani likanguruma hadi tukachoka kulisikiliza. Kulipeleka barabarani, halikufika hata darajani. Likakohoa, likazima. Tukapumzika kidogo, likawaka tena kana kwamba halina kosa, halafu mbele kidogo likagoma. Kulisukuma kukawa juu yangu, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Tuliporudi, Kifaduro aliniambia niufungue mfuniko wa tangi taratibu huku nikisikiliza. Ukavuta hewa, fyuuu, kama mtoto aliyeinua kichwa kutoka majini. Akacheka, akauliza ni mwerevu gani aliyeliziba pua gari la watu. Akanionyesha kwamba mfuniko una tundu dogo la hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, la sivyo tangi linang'ang'ania mafuta na injini inakufa kwa kiu huku kisima kimejaa. Uwanjani liliunguruma kwa sababu mfuniko tulikuwa tumeuacha kwenye benchi. Tundu la gari la mwalimu lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Wenzangu waliangua kicheko. Mimi nilibaki na mfuniko mkononi, mpaka mmoja akaniuliza kama nimeumwa na huyo nyigu.

Baba, la kwako halikuzibwa na nyigu. Siku moja kabla sijaondoka, ulipokwisha kulifunika gari turubai na mama akinifungia sanduku, niliyeyusha mshumaa nikaliziba lile tundu kwa nta, ili unyevu na wadudu wasiingie. Nilijiona nina akili kuliko watu wote. Sikumwambia mtu.

Shemeji aliposema kwamba uani gari linawaka vizuri na njiani linazima, alikuwa anasema kweli tupu. Bila shaka uani alikuwa ameacha tangi wazi. Wewe ukaniuliza mimi, na mimi ambaye hapa sijaruhusiwa hata kukaza plagi, nikakujibu kama daktari kwamba hiyo ni dalili ya mtu aliyetoa pampu nzima akatia mbovu. Nikaongeza kwamba macho yake sikuyapenda tangu siku ya harusi. Hilo nililitunga, ili barua inoge.

Na aibu haikuishia hapo. Juzi nilikuandikia mistari miwili tu, kwamba mjaribu kulegeza mfuniko wa tangi. Gari lingepona, nami ningesifiwa mara ya pili, huku shemeji akibaki mwizi na dada akibaki bila mume. Nilikuwa nimeshaibandika barua hiyo stempu. Nikaichana.

Nakuomba umwite shemeji, umketishe kwenye kiti chako, na dada aisome barua hii kwa sauti bila kuruka mstari. Kisha mpeni sindano aitoboe hiyo nta kwa mkono wake. Mkitaka kunitukana, yeye ndiye aanze. Ana haki ya kwanza.

Wasalimie wajomba zangu na watoto wote wa dada. Nimeshaomba ruhusa, na nategemea kufika katikati ya Desemba, kwa basi la mchana. Shemeji akiona inafaa, aje na hilo gari anipokee stendi. Nitakaa kiti cha nyuma, na juu ya injini sitafungua mdomo. Asipokuja, mtu yeyote asimlaumu. Njia ya nyumbani naijua kwa miguu, na mzigo wangu nitaubeba mwenyewe.

Mwanao,
uliyemwita Mjuaji tangu utoto