Kichwa cha Akina Doyle

Gull Arm,
Newfoundland.
14 Novemba 2019

Dada yangu mpendwa Loretta,

Habari za huko Alberta? Na mgongo wa shemeji Leo unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama bado anagombana na padri juu ya kwaya, na jamu uliyoomba nimeshaifunga. Mume wangu Gerard atakuletea akija huko kazini baada ya Krismasi.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Kabla sijafika katikati ungekuwa umeshanitania na kuhamia mambo mengine, na hili sitaki ulicheke. Ni kuhusu Kayla na vile vidonge vya uzazi wa mpango alivyoanza kutumia.

Usimkasirikie Mama kwa kunieleza. Aliniletea kama habari njema, tena mbili kwa mpigo: kwamba umempeleka binti yako kliniki bila makelele, tofauti kabisa na alivyotufanyia yeye sisi, na kwamba mtoto sasa ni Doyle kamili, maana juzi alitoka kwenye mchezo wa barafuni ameshika kichwa, hataki mwanga. Mama alicheka. Mimi nikatafuta kalamu.

Wewe ndiye pekee uliyeponyoka kichwa chetu, ndiyo maana vidonge vimekukubali miaka yote. Ulinisifia vidonge hivyo, nami nikavifuata. Mimi havikunikubali, na sijawahi kukusimulia vizuri ilivyokuwa.

Ulikuwa msimu wa kuvua kaa. Nilikuwa mezani kiwandani, na zile taa zinazotangulia kichwa zikaanza kumetameta pembeni mwa jicho kama kawaida yake. Halafu mkono ukafa ganzi, kisu kikaanguka, na nilipotaka kumwita mwenzangu ulimi ukakataa. Niliogopa, Loretta. Niliwaza wanangu watalelewa na nani.

Maneno yalirudi, lakini walinipeleka kliniki hivyo hivyo. Muuguzi aliyenipa vidonge, Bi Noseworthy, alifungua faili langu.

"Philomena, si nilikuuliza kama una kipandauso? Ukasema huna."

"Sina. Hiki ni kichwa chetu tu, akina Doyle."

"Na hizo taa unazoziona?"

"Aa, hizo za ukoo. Bibi alikuwa nazo, Mama anazo."

Mama, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake magotini, akadakia: "Mwanangu haumwi, dada. Sisi ndivyo tulivyo."

Muuguzi hakucheka. Alitueleza taratibu kwamba mtu anayeona taa kabla ya kichwa kuuma hapaswi kumeza vidonge vyenye homoni ya estrojeni, maana vinamzidishia hatari ya kiharusi. Kisha akamwuliza Mama, bibi yetu alikufaje. Unakumbuka Bibi alivyoanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, na sote tukasema kichwa kimemzidi.

Tangu hapo nimehangaika kutafuta njia nyingine. Sindano ilinitoa damu wiki baada ya wiki, na kwa ukali niliokuwa nao Gerard alihamia chumba cha watoto. Sasa nina kijiti chini ya ngozi ya mkono. Hakina hiyo estrojeni, nami nacho tumeelewana. Simwambii Kayla aweke kama changu. Mwili wake ni wake, na njia ziko nyingi. Ninachotaka ni akiulizwa ajibu sawasawa.

Na hawezi kujibu sawasawa, kwa sababu ni sisi tuliomfundisha. Tumemwambia ni kichwa cha akina Doyle, tena tukamsifia. Akiulizwa kama ana kipandauso atasema hana, na wala hatakuwa anadanganya.

Nisalimie Leo na mpwa wangu Declan, mwambie zile soksi za sufu zinakuja. Mungu awakinge nyote na baridi hiyo. Kayla naye msalimie sana, umwambie mama yake mdogo anamwuliza swali moja tu: kabla kichwa hakijaanza, anaona nini? Akisema taa, asimeze kidonge kingine. Vaeni makoti mwende kliniki siku hiyo hiyo.

Mdogo wako anayekupenda, hata ukimnunia,

Philomena